Mahali Palipoandikwa "Muziki": Niliyojifunza kuhusu Vipande vya Kati

Katika muswada wa tamthilia yetu neno "Muziki" liliandikwa mara tano, kila mara peke yake katikati ya ukurasa, likifuatwa na nukta, kuonyesha muziki wa kupigwa kati ya tukio moja la mchezo na linalofuata. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga kinanda, na katika wiki 6 za mazoezi sikumwuliza mwandishi hata mara moja kila moja ya nukta zile tano ilikuwa na maana gani. Naandika haya kwa ajili ya mwalimu, mwanakwaya au kijana wa kikundi cha maigizo ambaye siku moja atakabidhiwa kazi kama ile, kwa sababu mimi nilijifunza mbele ya watu waliokwisha kulipa kiingilio, na karo yake ilikuwa kubwa.

Usiku wa kwanza tuliuza tiketi 184, za shilingi 5,000 kila moja, katika ukumbi wa kukodi mjini Tanga. Sehemu ya kwanza ya mchezo hutendeka sebuleni katika nyumba ya familia inayogombea urithi; ya pili huanzia uani, kwenye nyumba hiyo hiyo. Pazia lilipofungwa nilianza kupiga kipande nilichokitunga mwenyewe, chenye urefu wa sekunde 40, na ambacho darasani tulikofanyia mazoezi kilitosha kabisa. Ila darasani sebule ilikuwa madawati mawili na viti vya plastiki, ilhali usiku ule sebule ilikuwa makochi ya kweli, meza ya kioo, na kabati la mninga la milango mitatu tuliloazima kwa seremala na lililofika ukumbini alasiri ya siku ile ile. Hakuna aliyekuwa amelipima. Mlango wa nyuma ya jukwaa ulikuwa mwembamba kuliko lile kabati.

Nilipomaliza, pazia halikufunguka, kwa hiyo nikarudia. Mara ya pili sidhani kama kuna aliyegundua. Mara ya tatu watoto wa safu ya mbele walianza kuimba pamoja nami kwa "la la la", tena wakipatia. Mara ya nne kitu chenye kioo kilianguka nyuma ya pazia na ukumbi mzima ukasema "pole". Mara ya tano kijana wa taa, kwa huruma tu, akaona si vyema watu kukaa gizani, akawasha taa za ukumbi. Na watu, kama ilivyo kawaida ya watu taa zinapowashwa, wakainuka, wengine kwenda msalani, wengine kutafuta karanga na kahawa nje. Nilikuwa katikati ya mara ya saba pazia lilipofunguka ghafla, bila ishara, mbele ya viti ambavyo karibu theluthi moja vilikuwa vitupu. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akirekodi kwa simu, na ndiyo sababu najua kwamba mateso yale yalidumu dakika 4 na sekunde 25. Wapo waliotoka wakiamini mchezo umekwisha, na mmoja wao alikuwa mfanyabiashara aliyetufadhili mafuta ya jenereta. Kesho yake alinipigia kunipongeza kwa mchezo mfupi.

Baada ya onyesho tuligombana. Mwongozaji aliniambia nilipiga vibaya. Mimi nikamwambia wabebaji walibeba vibaya. Wabebaji, ambao walikuwa waigizaji wetu wenyewe wakiwa ndani ya maleba yao, walisema hakuna aliyewahi kuwaambia wana muda gani. Nililia kwenye bajaji nikirudi nyumbani. Onyesho la pili lililokuwa lifanyike Jumamosi iliyofuata tuliliahirisha kwa wiki mbili, na mwenye ukumbi akabaki na shilingi 150,000 za malipo yetu ya awali, kwa haki kabisa, maana mkataba ulisema hivyo na sisi hatukuusoma.

Nilipotulia, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba kitu kile hatukuwa hata na jina lake. Wanakwaya wa mjini husema "intaludi". Sisi tulisema "pale kati", kana kwamba ni mahali tu pa kupitia. Kila kitu kingine kwenye mchezo kilikuwa na mtu wake: maleba yalikuwa na dada mmoja mkali, taa zilikuwa na kijana wake, maneno yalikuwa na mwandishi aliyekuwa tayari kupigana kwa ajili ya kila sentensi. Cha kati hakikuwa cha mtu, na kwa kuwa hakikuwa na jina hakikuwekwa kwenye ratiba ya mazoezi, na kwa kuwa hakikuwa kwenye ratiba tulikiona kwa mara ya kwanza pamoja na hadhira. Tangu siku ile tunakiita kipande cha kati na kina msimamizi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba jina la Kizungu la kitu hiki limeundwa kwa maneno mawili ya Kilatini, moja lenye maana ya "kati" na jingine la "mchezo", nikaona aibu, kwa kuwa wenye jina hilo walikiita mchezo, nasi tulikifanya pengo.

Nilikwenda kumwona mzee mmoja wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, aliyepiga fidla katika vikundi vya taarabu tangu ujana wake. Tanga ni mji wenye historia katika jambo hili: Black Star na Lucky Star ndivyo vikundi vilivyoleta gitaa la umeme na besi kwenye taarabu ya pwani, na wazee waliokulia katika muziki ule wanajua kipimo cha kila kitu. Nilichukua sukari kilo mbili na majani ya chai, nikamwamkia, nikamwonyesha ile video kwenye simu. Aliitazama yote, dakika zote nne na ushei, bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mwimbaji akimaliza ubeti, fidla inafanya nini?"

Nikasema inajaza nafasi ili mwimbaji apumzike.

"Mwimbaji anapumzika, naam. Lakini fidla inamjibu. Sasa wewe usiku ule ulikuwa unamjibu nani?"

Sikuwa na jibu. Akaniletea fidla yake na kunionyesha. Katika taarabu sauti ikinyamaza ala hushika neno la mwisho la mahadhi, hulizungusha, hulipamba, kisha huliweka mahali ambapo mwimbaji akiingia tena anaingia nyumbani. Wakati huo huo kuna kazi nyingine inafanyika: watu wameinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa fedha, naye anapokea noti, anameza mate, pengine anamtazama mtu fulani aliyeguswa na ubeti. Hakuna ajuaye watu watainuka wangapi. Kwa hiyo, alisema mzee, wapigaji hawahesabu. Wanazungusha huku wamemtazama mwimbaji, na mwimbaji akiwageuzia jicho wanafunga. Aliniambia pia nisichanganye mambo: bashraf, kipande cha ala kilichotujia kwa asili ya Kituruki, ni cha kufungulia, watu wakae na masikio yakae, taksimu ni ya mpigaji mmoja kutembea peke yake ndani ya makamu, yaani ngazi ya sauti za wimbo, na hiki cha kati ya ubeti na ubeti ni mtumishi wa maneno. "Ukipiga bashraf mahali pa mtumishi," alisema, "mtu atadhani wimbo mwingine umeanza."

Nikiwa njiani kurudi nilicheka peke yangu, kwa sababu nilitambua kwamba kazi ile niliijua. Nimepiga kinanda kanisani tangu nikiwa na miaka 17. Kila Jumapili wakati wa sadaka wimbo huisha beti zake zote na washarika bado wamepanga mstari, nami huendelea, nikiwa na jicho moja kwa mzee wa kanisa anayepokea vikapu. Na kikapu cha mwisho kikikaribia madhabahu nahitaji sekunde kumi tu kuifikisha sauti mahali pa kutua. Sijawahi kumaliza kabla ya vikapu, wala kumfanya mchungaji asubiri. Nilikuwa nikiifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na ilipohamia ukumbini sikuitambua kwa kuwa ilivaa nguo nyingine. Kama wewe unayesoma umewahi kupiga ala kwenye maulidi, kanisani, harusini au kwenye ngoma yoyote ambapo watu huenda na kurudi, basi ujuzi unao tayari. Kinachokosekana ni kuukumbuka unapoingia kwenye jukwaa lenye pazia.

Jioni ile nilichukua muswada na penseli, nikaenda kwenye kila "Muziki" na kujiuliza swali la mzee. Yale maneno matano yaliyofanana kabisa yalikuwa kazi tano zisizofanana hata kidogo.

La kwanza ndilo hilo la kuhamisha sebule. Hapa kazi ni ya mikono, na sioni haya kulisema, kwa kuwa historia nzima ya jambo hili ina mikono ndani yake. Katika kumbi za ndani za London mwanzoni mwa karne ya 17 taa zilikuwa mishumaa, na mishumaa hutaka kukatwa tambi, kwa hiyo kati ya tendo na tendo wanamuziki walipiga huku watu wakishughulikia moto. Tatizo letu halikuwa kwamba muziki ulifunika kazi ya wabebaji. Lilikuwa kwamba muziki ulipimwa bila kazi na kazi ikapimwa bila muziki. Tulifanya mambo matatu. Tulirudisha kabati kwa seremala, tukachora mlango mmoja wa kabati kwenye kitambaa cha turubai, na hatua hiyo pekee ilitupunguzia zaidi ya nusu ya muda. Tulifanya mazoezi ya kuhamisha vitu mara 11 kwa saa ya simu, kila mtu na kitu chake, hadi tukafika dakika 1 na sekunde 35. Kisha nikatunga upya: duara la sekunde 20 linaloweza kurudiwa mara nyingi, kila mzunguko ukiongezewa kitu kidogo, kwanza dumbak, ile ngoma ndogo ya taarabu, kisha fidla, kisha sauti ya pili ya kinanda, pamoja na mlango wa kutokea ambao naweza kuuingia mwishoni mwa mzunguko wowote. Msimamizi wa jukwaa alipewa tochi ndogo: akiimulika mara mbili chini ya pazia, namaliza mzunguko na kutoka. Tochi ile ilinunuliwa shilingi 4,000 na ndiyo fedha tuliyoitumia vizuri kuliko zote.

Neno la pili lilikuwa gumu zaidi, na makosa yangu hapo sikuyaona mwenyewe. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu hupita miaka tisa. Usiku wa kwanza nilipiga hapo rumba ya kuchangamsha kwa kuwa nilihofia watu wamechoka, na mama mmoja akamwuliza jirani yake kwa sauti iliyosikika mpaka kwangu, "Huyu mtoto mbona kakua usiku mmoja?" Alikuwa na haki. Muziki wangu ulimwambia kwamba muda umepita, lakini haukumwambia ni muda gani wala umewafanya nini wale watu. Nikiwa natafuta namna ya kulitengeneza nilisikiliza vipande vya kati alivyotunga Mwingereza Benjamin Britten kwa ajili ya opera yake, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ya Peter Grimes, iliyoonyeshwa mara ya kwanza London mnamo Juni 1945. Viko sita, vinapigwa jukwaa likibadilishwa, na vinne kati yake hupigwa leo peke yake kwenye matamasha: alfajiri, asubuhi ya Jumapili, mbalamwezi, na dhoruba. Mchezo ule ni wa kijiji cha wavuvi, na bahari unayoisikia mle si ya kupamba. Kila inaporudi imebadilika, nawe unajua kuna kitu kimebadilika ndani ya mvuvi kabla hajatoka tena jukwaani kusema neno. Sina okestra, lakini nina bahari, na nina wimbo wa kumbembeleza mtoto ambao mama huuimba mwanzoni kabisa mwa mchezo. Tuliuchukua wimbo ule, fidla ikaupiga chini zaidi na polepole zaidi, ubeti mmoja tu, na noti ya mwisho ikaachwa isipigwe. Sehemu inayofuata inaanza na mtoto aliyekwisha kuwa kijana akimalizia mluzi wa noti ile. Hakuna aliyeuliza tena amekuaje. Kwa hiyo, kama kipande chako kinabeba muda, kibebeshe kitu ambacho hadhira imekwisha kukisikia, na ukirudishe kikiwa na alama za safari.

Neno la tatu lilikuwepo kwa sababu mwigizaji wetu mkuu hubadilisha maleba: anatoka akiwa bibi harusi na kurudi akiwa mjane, pamoja na nywele na miguu iliyooshwa hina. Dada wa maleba alisema anahitaji dakika tatu na hawezi kupungukiwa hata nusu. Dakika tatu za kinanda peke yake ni nyingi mno mbele ya pazia lililofungwa. Hapa msaada ulitoka mbali. Katika mchezo wa noh wa Kijapani, mwigizaji mkuu huondoka jukwaani katikati ili abadili barakoa na mavazi, na muda huo hushikwa na mtu wa kawaida wa mahali pale, anayekaa na kusimulia kisa kwa lugha nyepesi kuliko ile ya mchezo wenyewe, ili hata aliyepotea njiani apate kurudi. Nikakumbuka pia miaka ya 1990, nilipokuwa binti mdogo na mjomba wangu akanipeleka kutazama vikundi vikubwa vya Dar es Salaam vya wakati ule, Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), ambavyo usiku mmoja vilikupa ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu. Wachekeshaji walikuwa wakiingia kati ya mambo mazito, na mimi nilidhani wanapoteza muda, kumbe nyuma yao watu wanavaa.

Tukamweka muuza kahawa. Hupita mbele ya pazia na birika lake, anagonganisha vikombe kwa mdundo ambao kila mtu wa pwani anaujua tangu utotoni, na anawaambia wateja wasioonekana habari za nyumba ile ya urithi kama zinavyosemwa barazani, yaani nusu kweli. Dumbak inamjibu kila anapogonga vikombe. Kijana aliyepewa nafasi hiyo hakuwa ameaminiwa sehemu yoyote kubwa, na labda ndiyo sababu aliifanya kwa moyo wote.

Aliifanya kwa moyo kupita kiasi. Hili ni kosa langu la pili kwa ukubwa, nami nalieleza kwa sababu linawapata waliofanikiwa. Katika onyesho la pili dakika tatu zilifika sita. Watu walikuwa wakicheka mpaka wanashikana, mjane alikwisha kuvaa na alikuwa amesimama nyuma ya pazia akisubiri kutoka na msiba wake, na msimamizi alimulika tochi mpaka betri ikafifia, lakini kijana alikuwa ameipa tochi mgongo. Mjane alipotoka, mtu mmoja kutoka nyuma alipiga kelele, "Mrudisheni wa kahawa!" Tukio lile zito halikusimama tena. Jambo hili nalo ni la kale. Mwaka 1733 huko Napoli mtunzi kijana Giovanni Battista Pergolesi aliandika opera nzito, na kati ya matendo yake matatu akaweka kichekesho cha sehemu mbili kuhusu mtumishi wa kike anayemzunguka bwana wake mpaka bwana huyo anamwoa. Kichekesho hicho, La serva padrona, kina watu watatu tu, na mmoja wao hasemi neno. Opera nzito imesahaulika. Kichekesho kilisafiri peke yake, na kilipochezwa Paris mwaka 1752 kiliwasha ubishi mkubwa wa maandishi kati ya wapenzi wa muziki wa Kiitalia na wa Kifaransa. Kwa Pergolesi, aliyekufa akiwa na miaka 26, hiyo ilikuwa heshima. Kwetu ilikuwa hasara, kwa kuwa watu walinunua tiketi ya mchezo wa urithi na tulitaka waondoke nao. Tulimpunguzia kijana maneno, tukamgeuza atazame upande wa tochi, na tukamwandikia mstari wa mwisho usiochekesha: anahesabu fedha zake, anagundua kwamba marehemu alikufa akiwa na deni la kahawa la mwezi mzima, na anaondoka bila kugonga vikombe. Kicheko hufa chenyewe pale, na mjane anatoka kwenye ukimya ulioandaliwa.

Kuhusu neno la nne sina mengi. Liko baada ya kifo. Usiku wa kwanza nilipiga hapo kitu cha huzuni, kwa minyororo ya sauti za chini, na nilipoitazama video niliona watu wanatazama simu zao. Nilikuwa nimewalilia wao, kwa hiyo hawakuwa na kazi ya kufanya. Sasa hapo sipigi. Taa inapungua, mwanamke mmoja anatoka, anakunja mikeka ya msiba mmoja baada ya mwingine, kisha anafagia uwanja kwa ufagio wa chelewa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni sekunde 70. Sauti ya chelewa kwenye mbao za jukwaa ndiyo muziki, na nimeona watu wazima wakiinamisha vichwa.

Kabla sijafika la mwisho niseme mambo mawili ya matumizi ambayo yangeniokoa. Kwanza, mapumziko na kipande cha kati ni vitu viwili. Taa za ukumbi zikiwaka, hadhira imeruhusiwa kuondoka, hata kama wewe unapiga kama malaika. Kwa hiyo ama tangaza mapumziko kwa dakika zinazojulikana na uwaache watu wakanywe chai, ama usiguse taa hizo kabisa. Tuliandika hilo kwa kalamu nyekundu juu ya swichi. Pili, hakikisha angalau kipande kimoja hakihitaji umeme. Katika onyesho la tatu umeme ulikatika katikati ya sehemu ya pili, na jenereta ilichukua dakika nne kuwaka. Kinanda changu kilikufa na kipaza sauti nacho. Mpiga fidla na mpiga dumbak walitazamana, wakaingia kwenye duara la kwanza lile lile, gizani, na watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Wawili hao tulikuwa tukiwalipa shilingi 40,000 kila mmoja kwa usiku, na mweka hazina alikwisha kupendekeza mara mbili tuwaache ili kinanda kifanye kazi yao yote. Hakupendekeza tena.

Ukiniuliza gharama yote ya somo hili, nitakuambia ni ile 150,000 ya ukumbi, 80,000 za wapigaji kwa kila usiku, kioo cha meza tulichomlipa mwenyewe, mfadhili mmoja ambaye hakurudi, na urafiki wangu na mwongozaji ambao ulichukua miezi kadhaa kupona. Faida haikufika hata nusu ya hapo, ingawa onyesho la nne lilijaza ukumbi.

Neno la tano liko kabla ya tukio la mwisho la mchezo, ambapo ndugu wawili wanakutana uani kugawana funguo. Nilipojiuliza linamjibu nani, sikupata mtu. Hakuna kinachohamishwa, hakuna anayevaa, muda haupiti, na ndugu wenyewe wamesimama pale pale walipokuwa. Nikashauri lifutwe, ndugu wageukiane moja kwa moja. Mwongozaji alikataa katakata: alisema watu wanahitaji kuvuta pumzi kabla ya mwisho, na kwamba mimi baada ya kuumwa na nyoka nimeanza kuogopa ung'ongo. Katika onyesho la tatu tulikipiga, sekunde 25, fidla peke yake. Katika la nne hatukukipiga. Niliitazama hadhira nyakati zote mbili nikiwa nimeinama pembeni ya kinanda, na siwezi kusema nimeona tofauti. Mwandishi amekataa kuingilia. Muswada wa onyesho la tano, tutakalolipeleka Pangani, una neno hilo ndani ya mabano ya penseli, na mimi na mwongozaji kila mmoja anao ufutio wake.